Mtoto wa mbwa asiende shamba kabla ya sindano



Mvua zinapoanza, familia nyingi za wakulima huhamia shamba kwa wiki kadhaa. Hujengwa kibanda, husimamishwa dungu, na watoto hufuatana na wazazi wao kuamia ndege na kufukuza nguruwe pori na nyani. Katika kuhama huko limezoeleka jambo moja. Baba huomba mtoto wa mbwa kwa jirani, humtia kikapuni na kumpeleka moja kwa moja shamba ili akue akiizoea kazi. Usiku kijibwa hicho hulala kibanda kimoja na watoto. Kwa maoni yetu, jambo hili ni la hatari na linafaa likome.

Hatusemi kwamba kufuga mbwa wa shamba ni haramu. Mtume (s.a.w.) aliruhusu mbwa wa kuchunga mifugo, wa kuwinda na wa kulinda mazao, na akatahadharisha kuwa anayefuga mbwa pasipo haja hizo hupungukiwa na thawabu zake kila siku. Ruhusa hiyo, basi, ni ya kazi. Mbwa wa miezi miwili hawezi kumzuia nguruwe. Kule shamba anakuwa kitu cha kuchezewa na watoto tu, na hapo ndipo balaa huanzia.

Balaa la kwanza ni kichaa cha mbwa. Dalili zake zikishamtokea binadamu, karibu hakuna anayepona. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao 59,000 hufa kwa ugonjwa huu kila mwaka, na karibu wote huambukizwa na mbwa. Katika kila watu 100 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa, 40 hivi ni watoto wa chini ya miaka 15. Mtoto wa mbwa naye huupata ugonjwa huu akiumwa na mbwa mzururaji au mbweha. Kwa kuwa meno yake ni madogo, wazazi huona kuumwa naye ni mchezo. Kumbe virusi vimo katika mate, na mchubuko mdogo unatosha.

Balaa la pili ni minyoo. Watoto wengi wa mbwa huzaliwa nayo, wakiwa wameipata tumboni mwa mama. Mayai yake hutoka na kinyesi na kukaa udongoni. Mtoto anayechimba udongo kisha akala bila kunawa huyameza, na vijiminyoo huweza kufika kwenye ini, mapafu na hata jicho.

Hivyo basi, utaratibu uwe huu. Kijibwa kianze kupewa dawa ya minyoo kikiwa na umri wa wiki mbili, na kirudiwe kila baada ya wiki mbili hadi kifikishe miezi mitatu. Kikifika umri huo kichomwe sindano ya kichaa cha mbwa, kisha kibaki nyumbani karibu mwezi mmoja mwili upate kinga. Sindano irudiwe baada ya mwaka, na kuendelea kama bwana mifugo atakavyoelekeza. Baada ya hapo ndipo safari ya shamba ifikiriwe.

Wapo watakaosema sindano ni gharama. Lakini mtu akishaumwa huhitaji sindano kadhaa, nauli za kwenda na kurudi hospitali, na siku za kazi zinazopotea msimu ukiwa umepamba moto. Tazameni Pemba. Kampeni za kuchanja mbwa ziliutokomeza ugonjwa huu mwaka 2014. Ulipoingizwa tena mwaka 2016, chanjo zikarudiwa na ukatokomezwa mwaka 2018.

Wapo pia wanaomnyima mbwa chakula kwa hoja kwamba ni najisi. Najisi ni hukumu ya usafi, haimpi mtu ruhusa ya kudhulumu. Mtume (s.a.w.) ametueleza habari za mtu aliyesamehewa dhambi zake kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu. Isitoshe, mbwa mwenye njaa huzurura, hula mizoga, na huko ndiko hukutana na maradhi.

Mbwa akishafika shamba, awe na kibanda chake na chombo chake, mbali na jiko, mtungi wa maji na mahali pa kuswalia. Kinyesi chake kifukiwe. Chombo cha chakula alichokiramba kioshwe mara saba, mojawapo kwa udongo, kama tulivyofundishwa. Na kwa kuwa maji ya shamba ni ya kubeba, hesabu ya ndoo ifanyike kabla ya kuondoka nyumbani.

Mtoto akiumwa au akikwaruzwa, kidonda kioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Asipakwe pilipili, mafuta wala majani, na isisubiriwe kuona kama mbwa atakufa. Mbwa akifa ghafla, bwana mifugo aarifiwe.

Wazazi, mahindi yakiliwa na nguruwe hupandwa tena mwakani. Mtoto ni amana, na amana hiyo tutaulizwa.

Wabillahi tawfiq.