Udongo hauna kosa, adui ni maji



Mu mikutano mingi tunasikia neno hili: nyumba ya udongo ni ya maskini, Wazungu wao wanajenga kwa mawe na simenti. Sisi maagronome tunaona neno hilo linawatia watu mu madeni ya bure. Tuangalie wakulima wa zamani wa Wales, nchi ya mvua nyingi upande wa magharibi wa Uingereza.

Kule Ceredigion, Carmarthenshire na Pembrokeshire, wakulima walijenga kuta za udongo. Kwa lugha yao waliziita clom. Walichanganya udongo wa palepale na majani makavu ya ngano, wakatia maji, wakakanyaga mpaka vishikane. Hawakumaliza ukuta kwa siku moja. Waliweka tabaka, wakaiacha ikauke, njo wakaongeza ingine. Nyumba moja ya namna hiyo, Nant Wallter, ni ya karibu mwaka 1770. Ilihamishwa na kusimamishwa tena mu makumbusho ya St Fagans, karibu na Cardiff, yaliyofunguliwa 1948.

Mvua ya Wales haina huruma. Udongo ulisimama namna gani? Kwanza, chini waliweka msingi wa mawe, ili maji yanayoruka toka chini yasiguse udongo. Pili, paa la majani lilitokeza nje ya ukuta, maji yakaanguka mbali. Tatu, walipaka chokaa, tena na tena. Chokaa inauacha ukuta upumue: unyevu unaoingia unapata njia ya kutoka.

Hata ngombe waliwekwa kwa akili. Mu nyumba ndefu, tŷ hir, watu na ngombe walilala chini ya paa moja, lakini ngombe walikaa upande wa mteremko, mkojo na maji machafu yateremke mbali na jiko.

Baadaye wengi walipaka simenti juu ya kuta zile za udongo. Kwa macho ilikuwa nzuri. Lakini simenti ikipasuka kidogo, maji yanaingia na hayatoki tena. Ukuta unalainika ndani kwa ndani, siku moja unaanguka. Leo mafundi wanaotunza nyumba hizo wanabandua simenti na kurudisha chokaa.

Hatusemi turudi nyuma. Nyumba nyingi za vibarua wa Wales zilikuwa ndogo, zenye giza na moshi, na nyingi zimekwisha kupotea. Paa likiachwa livuje, hakuna udongo unaoweza kupona. Lakini kosa hapo ni la paa, si la udongo.

Hili linatugusa juu ya depo zetu. Ukuta wenye unyevu unaozesha maharage na mahindi, na bei inaanguka mbele hatujafika soko. Kwa hiyo, mbele ya koperative kuchukua kredi ya simenti ya kupaka ukuta wa udongo, tuulize: msingi wa mawe uko? Manjanja yanatokeza nje ya ukuta vya kutosha? Mfereji wa kupeleka maji mbali umechimbwa? Kama jibu ni hapana, tuanzie hapo. Mawe tunayo, na kazi hiyo salongo ya wanamemba inaiweza bila deni.