Kupima Sumu kwa Sumu? Zii!

Wasee, tuongee ukweli. Unataka kujua kama maji ya mto yana dawa za wadudu. Njia moja ya zamani, na bado inatumika, ni hii: chukua lita 1 ya maji, mwaga mililita 60 za daikloromethani, tikisa, tenganisha. Rudia mpaka mara 3. Hizo ni mililita 180 za kemikali inayohusishwa na saratani, ndio tu tujue kama maji ni safi!

Ukiuliza, unaambiwa "ndivyo kemia ilivyo." Zii. Ndivyo mazoea yalivyo.

Mwaka wa 2005, Philip Jessop wa Queen's University, Kanada, na wenzake walionyesha kiyeyushi kinachobadilisha tabia ukikipulizia kaboni dayoksaidi, ile gesi ya soda. Kufikia 2010 walikuwa na kingine kinachokataa maji kama mafuta, lakini kikipata hiyo gesi kinachanganyika nayo kabisa. Gesi ikitoka, kinajitenga tena.

Sasa ona vile hiyo inasaidia kwa vipimo. Kikiwa kimechanganyika, kinafika kila kona ya sampuli. Ukiongeza sodiamu haidroksaidi, kinarudi kuwa mafuta na kupanda juu kikiwa kimebeba kile unachotafuta. Unachota kidogo, unapeleka kwa mashine. Mara nyingi kiyeyushi chote hakifiki hata mililita 1.

Najua kuna mtu atasema hata hizo ni kemikali. Ni kweli. Dimethilisaikloheksilamini, mojawapo ya zile zinazotumika sana, inachoma ngozi na inashika moto. Anayekuambia ni "kijani" kwa hivyo haina madhara anakuchezea. Na si kila sampuli itaikubali. Lakini kati ya mililita 1 ya kitu kikali na 180, mimi sihitaji kikokotoo.

Mwaka wa 2024 Marekani ilipiga marufuku matumizi mengi ya daikloromethani. Maabara ziliruhusiwa kuendelea, lakini kwa masharti makali ya kulinda wafanyakazi. Kwa nini mwanafunzi wa kemia hapa Kenya amalize chuo akijua ile njia ya zamani pekee?

Kama uko maabara wiki hii, uliza swali moja: hii kitu tukimaliza inaenda wapi? Wakikuonyesha sinki, kumbuka hiyo sinki inaweza kurudi kwa mto uleule mnaopima.