Chumvi itangulie nyungu

Na Rukia Mwinshehe

Ukiiacha lami ya Bagamoyo–Msata pale Fukayosi ukaingia vitongojini, vumbi la kiangazi halikwepeki. Jikoni kuna moshi wa kuni, na alfajiri za Julai zina ubaridi wake. Si ajabu mafua ya huku yakikaa: pua imeziba, paji la uso linagonga, mashavu yanauma mtu akiinama, makohozi yanashuka kooni usiku kucha. Watu husema wana sainasi. Ndani ya mifupa ya uso mna mapango ya hewa. Utando wake ukivimba, vitundu vya kutolea ute huziba, na ute hubaki humo ukisumbua.

Dawa inayotajwa kwanza ni nyungu. Majani ya mkaratusi, mchaichai, kivumbasi na mlimau yanachemshwa, mgonjwa anafunikwa blanketi mpaka jasho limtoke. Wakati wa korona heshima ya nyungu ilipanda sana. Februari 2021 aliyekuwa Waziri wa Afya, Dk. Dorothy Gwajima, alihimiza kujifukiza mbele ya waandishi wa habari jijini Dodoma, pamoja na kinywaji cha tangawizi, vitunguu na limau. Mimi siibezi nyungu. Mvuke hulegeza ute na mtu akapumua vizuri kwa muda. Ninachosema ni kwamba tumeipa kiti cha mbele, na iliyostahili kukikalia tumeiacha kwenye kopo la chumvi.

Mwaka 2016 ulichapishwa utafiti uliofanyika Uingereza kwa wagonjwa 871 wenye sainasi ya muda mrefu au ya kujirudia. Waliofundishwa kusafisha pua kwa maji ya chumvi walipata nafuu, si kubwa, lakini ilionekana hata baada ya miezi sita. Mvuke uliwapunguzia watu maumivu ya kichwa, basi. Na maji ya chumvi hayaunguzi. Sufuria inayotokota chini ya blanketi, mtoto akiwa amepakatwa juu yake, ni hatari ambayo hakuna mafua yanayostahili. Kwa watoto nyungu iachwe kabisa.

Bagamoyo tunavuna chumvi baharini, na Waislamu wa pwani hupandisha maji puani kila wanapotawadha, kwa hiyo jambo lenyewe si geni. Chukua kikombe cha chai cha maji, kama mililita 250, yachemshe mpaka yatokote vizuri kwa dakika moja, utie nusu kijiko cha chai cha chumvi safi isiyo na mchanga, uyaache yapoe hadi uvuguvugu. Nunua sirinji kubwa isiyo na sindano duka la dawa. Inama juu ya beseni, laza kichwa upande, pumua kwa mdomo, sukuma maji taratibu kwenye tundu la juu yatokee la chini. Kisha geuza upande. Asubuhi na jioni yatosha, na sirinji ioshwe na kukaushwa kila mara.

Kuchemsha maji hakuna mjadala, yawe ya kisima, ya bomba au ya lambo. Mwaka 2011 huko Louisiana, Marekani, watu wawili walifariki baada ya kusafisha pua kwa maji ya bomba yasiyochemshwa: yalikuwa na kijidudu ambacho kikinywewa hakina madhara, kikipandishwa puani hufika kwenye ubongo. Ni tukio la nadra mno, lakini kinga yake ni moto wa dakika moja.

Tangawizi na limau kunywa, vinatuliza koo. Asali pia, ila asipewe mtoto aliye chini ya mwaka mmoja. Ugoro na maji ya kitunguu saumu visiingizwe puani. Vinaunguza utando ambao tayari umevimba.

Linalonisumbua zaidi ni amoksilini. Siku ya tatu ya mafua mtu yuko dukani ananunua vidonge vichache, vikimletea nafuu anaviacha. Sainasi nyingi huletwa na virusi, na dawa za bakteria haziviui. Nyingi huisha zenyewe ndani ya siku kumi. Tunachofanya ni kuwazoesha bakteria dawa tutakayoihitaji siku mtoto akipata nimonia.

Kwenda zahanati kuna wakati wake. Nenda siku kumi zikipita bila nafuu, au ukipata nafuu kisha hali ikageuka. Jicho likivimba, ukiona vitu viwili viwili, shingo ikikakamaa, homa kali isiposhuka au kichwa kikiuma kupita kiasi, usingoje hata usiku mmoja.

Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wa Fukayosi, Makurunge na Kiwangwa, nawaomba: mnapopita kaya kwa kaya, chukueni kijiko cha chai, sirinji na chumvi, mwonyesheni mama namna ya kuchanganya mbele yenu.