Namba ya Siri ya Mama Si Yetu



Kamati moja ya vijana imeleta pendekezo mbele ya baraza la parokia, nami nimeombwa nitoe maoni yangu kwa maandishi. Pendekezo lenyewe ni zuri. Kila Dominika, baada ya Misa ya pili, meza iwekwe kando ya ukumbi wa katekesi, na vijana watatu au wanne wenye ujuzi wa simu wawasaidie wazee wetu kutuma na kupokea pesa, kutunza picha za marehemu wao, kuzungumza na watoto walio mbali. Hadi hapo nakubali kwa moyo wote. Lakini aya ya mwisho yasema kwamba namba za siri za wazee ziandikwe katika daftari moja litakalotunzwa na katibu wa vijana, ili mzee akisahau asihangaike. Aya hiyo naikataa, nami sina budi kuwaeleza sababu, maana daftari la namna hiyo nimewahi kuwa nalo.

Wanaonifahamu wanajua kwamba napenda vyombo hivi kupita kiasi kinachomfaa mtu wa umri wangu. Nilipokuwa mwanafunzi wa ualimu nilifungua redio ya baba yangu, nikaifunga tena, ikabaki skrubu moja mkononi ambayo hadi leo sijui mahali pake. Redio iliendelea kusema. Tangu siku hiyo sijaweza kukiacha chombo kikae kimya mbele yangu. Orodha ya wakatekumeni wangu naiandika katika kompyuta ya mitumba ambayo betri yake haikai hata robo saa. Naitegemea sahani ya jua iliyo juu ya paa, na mawingu yakija nasubiri. Simu nimezitengeneza nyingi, nyingine nimeziua kabisa kwa kudhani ninazitengeneza. Sisemi haya kwa kujisifu. Nataka tu mjue kwamba anayewapinga si mzee anayeogopa mashine.

Huduma za pesa za simu zilipofika kwetu, miaka michache baada ya Kenya kuanza M-Pesa mwaka 2007, mimi nilikuwa kati ya wa kwanza katika shirika letu kuzitumia. Basi akina mama wakaanza kunijia. Mmoja ana mtoto Lubumbashi, mwingine ana kaka Kampala, na wote wamepokea ujumbe wasioweza kuusoma. Menyu ilikuwa katika Kifaransa. Tena mashine ile haina subira: ukipiga namba zile za nyota na diezi, inakuonyesha orodha, inakusubiri kwa muda mfupi, na ukichelewa kusoma inakata, unaanza upya. Yaliyo mepesi kwa kijana wa sekondari yanamtoa jasho mama aliyeacha shule akiwa darasa la pili. Nikawa nachukua simu mkononi, nauliza, "Mama, namba yako ya siri?", naye anaitaja kwa sauti mbele ya watu, nami nabonyeza haraka, mambo yanakwisha. Watu walipozidi, wengine wakisahau namba zao, nikanunua daftari. Katika mwaka mmoja lilikuwa na majina 11 na namba 11.

Niliona fahari, na lazima nikiri hilo. Padri amefungwa na siri ya kitubio. Mimi sikufungwa na kitu chochote isipokuwa dhamiri yangu na kufuli ya kabati, nayo kufuli hiyo mtoto angeweza kuifungua kwa msumari. Hata hivyo nilitembea nikijisikia mtu anayeaminiwa.

Kisha mama mmoja mjane alinijia jioni. Mwanawe alikuwa amemtumia pesa za kodi ya nyumba, nazo dola 60 hazikuwamo tena. Hakunishutumu. Alikaa kwenye kiti, akaweka simu juu ya meza, akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, labda wewe uliiona?" Nilimjibu kwamba sikuigusa, na ilikuwa kweli. Lakini nilipolala usiku ule nilitambua kwamba sina namna ya kuonyesha kwamba ni kweli. Namba yake ilikuwa ndani ya kabati langu. Kwa muda wa majuma mawili, katika shirika letu, watu walinisalimu vizuri kuliko kawaida, na mnajua maana ya salamu za namna hiyo.

Tulipoitazama historia ya simu yake pamoja na wanawe, tuliona kwamba pesa zilitumwa siku ya Jumanne, saa za soko, kwa namba isiyojulikana. Ndipo akakumbuka. Siku ile kijana mmoja aliyevaa kitambulisho shingoni alipita mezani kwake, akamwita Mama kwa heshima, akasema anahakikisha laini za wateja. Aliomba simu, mama akampa. Aliomba namba ya siri, mama akaitaja. Alibonyeza kidogo, akafuta ujumbe, akarudisha simu kwa mikono miwili, akashukuru. Tulipokwenda kulalamika tuliambiwa kwamba namba sahihi ilitumika, basi hakuna la kufanya.

Nilifarijika kwa kuwa jina langu lilisafishwa. Faraja hiyo ilidumu hadi niliporudi nyumbani na kujiuliza swali la kimwalimu: mama yule alijifunza wapi kwamba namba ya siri hutajwa kwa kijana mwenye adabu anayeomba simu? Alijifunza kwangu. Nilimfundisha somo hilo kila mwezi, kwa muda wa mwaka mzima, kwa mazoezi ya vitendo, na mwanafunzi wangu akafaulu.

Kwa hiyo, ndugu zangu wa kamati, sikatai daftari kwa sababu nadhani katibu wenu ni mwizi. Namjua, nilimwandaa kwa Kipaimara, naye ni mwaminifu kuliko mimi nilivyokuwa katika umri wake. Nalikataa kwa sababu kila mzee atakayekuja mezani penu atazoeshwa kuitoa siri yake kwa mtu mpole, na wapole wengine watakaomjia baadaye hawatatoka parokiani. Kosa letu lilimgharimu yule mama dola 60. Tangu benki zilipofunga milango Goma na Bukavu mapema mwaka 2025, simu imekuwa kasha la akiba la jamaa nyingi: karo, dawa, mahari, yote yamo ndani ya kile kioo kilichopasuka.

Najua mtanijibu. Wazee hawawezi, mtasema. Hawakusoma, wanasahau, na foleni itakuwa ndefu. Nilifikiri hivyo pia. Hapa niruhusuni nisimulie jambo moja la zamani. Mwaka 1967, huko Enfield, kaskazini mwa London, ilizinduliwa mashine ya kwanza ya Barclays ya kutoa noti. Mtu aliyebuni mashine ile, John Shepherd-Barron, alieleza baadaye kwamba yeye alitaka namba ya tarakimu sita, kama ile aliyokuwa nayo jeshini. Mkewe, wakiwa nyumbani kwenye meza ya jikoni, akamwambia kwamba yeye hukumbuka nne tu. Basi zikawa nne. Wakati watoto wa mjini wanapomcheka bibi aliyesahau tarakimu nne, mimi huwaza juu ya mama yule wa Uingereza: hakumpa mumewe kazi ya kukumbuka kwa niaba yake, alimtaka aipunguze mashine hadi ifikie kipimo chake.

Nasi tuna mama muuza samaki ambaye anakumbuka madeni ya wateja 30 bila karatasi, na kugeuza dola kuwa franka kichwani huku akimfukuza nzi. Huyo hashindwi na tarakimu nne. Kinachomshinda ni haraka yetu.

Nilichoma daftari lile, nikaanza upya na wale 11, safari hii kama mwalimu. Wengine walichukua Dominika mbili, wengine miezi mitatu. Tulianza na namba yenyewe, kwa sababu wengi walikuwa na 1234 au mwaka wa kuzaliwa, ambao umeandikwa wazi kwenye kadi ya mpiga kura. Kila mmoja alichagua mpya peke yake, mimi nikiwa nje ya mlango. Asiyesoma anaweza kuikumbuka kwa njia ya vidole: kwenye simu za vibonye kuna alama ndogo iliyoinuka juu ya 5, na kutoka hapo kidole hujua kupanda, kushuka, kwenda kulia. Hatua za menyu niliziandika kwenye kipande cha karatasi kwa tarakimu kubwa, zifuatane kama shanga za rozari; karatasi hiyo hata ikiokotwa haina hatari, kwa maana namba ya siri haimo. Kisha tulifanya mazoezi kwa franka 500, ananitumia, namrudishia. Mwanzo natenda mimi kwa simu yangu, naye anatazama. Halafu tunatenda pamoja. Mwisho anatenda yeye, na mikono yangu naiweka mgongoni. Walimu wenzangu wataitambua njia hiyo. Sehemu ngumu kuliko zote ni ile ya mikono mgongoni.

Inapofika saa ya kuandika namba ya siri, msaidizi hugeuza uso. Hilo nalitilia mkazo, kwa sababu katika simu nyingi za vibonye tarakimu huonekana wazi kwenye kioo zinapoandikwa. Na wazee wafundishwe kwamba pesa haziko katika ujumbe, ziko katika salio. Matapeli hutuma ujumbe unaofanana na ule wa huduma, kisha hupiga simu wakilia kwamba wamekosea namba na kuomba warudishiwe. Asiyetazama salio kwanza hurudisha pesa zisizowahi kufika.

Hata WhatsApp ina namba zake sita zinazokuja kwa ujumbe. Mzee asizisome kwa mtu yeyote, hata kwa mjukuu. Tena, vijana, acheni kufungua akaunti za wazazi wenu kwa barua pepe zenu ninyi. Siku mkihama, baba anabaki nje ya mlango wake mwenyewe.

Wengi wenu mmebandika ukutani picha ya Mwenye Heri Floribert Bwana Chui, kijana wa Goma aliyeuawa mwezi Julai 2007 akiwa na miaka 26, na kutangazwa mwenye heri Roma tarehe 15 Juni 2025. Tunapenda kusimulia kifo chake, na ni haki. Mimi napenda zaidi kufikiria siku zake za kawaida kazini, pale penye udhibiti wa bidhaa, mbele ya mchele ulioharibika. Watu ambao wangeula hawakuwa na namna ya kujua kilichotendeka ofisini. Yeye peke yake ndiye aliyeona, na aliyetaka upite alikuwa na pesa mkononi. Anayejua simu mbele ya asiyejua yuko katika ofisi ndogo ya namna hiyo: kile anachokibonyeza hakuna mwingine anayekielewa. Floribert hakujiwekea daftari la kuaminiwa; alikuwa na kazi, akaitenda. Ndiyo maana naomba meza yetu ipangwe hivi kwamba hata asiye na uaminifu wake akikaa pale, asiwe na cha kuchukua.

Pendekezo langu kwa baraza, basi, ni kwamba meza iwekwe kuanzia Dominika ya kwanza ya Majilio, aya ya daftari ifutwe, na kila kijana atakayehudumu afundishwe kwanza kugeuza uso. Nitatoa mimi benchi mbili na sahani yangu ya jua.

Yule mama mjane sasa hutuma mwenyewe. Dominika iliyopita alikuwa akimtumia mjukuu wake dola 5, na mashine ilimkatia mara tatu. Nilikaa kando yake kwenye ukuta wa kanisa, nikitazama barabara na kuhesabu pikipiki zinazopita. Aliponigusa bega nilikuwa nimefika 32.