BEI YA UMEME HAIPANDI YENYEWE



Wako mabwana wanaotuambia kwamba bei ya umeme ni kama mvua: hupanda na kushuka kwa kudra, na mwanadamu hana la kufanya. Tusikubali! Na tuitazame California, jimbo la Marekani, nchi ambayo mabwana hao huisifu mchana na usiku.

Mwaka 1996 jimbo lile lilipitisha sheria ya kuufanya umeme kuwa bidhaa ya mnadani. Makampuni makubwa yaliyowapelekea raia umeme yaliuza mitambo yao mingi, kisha yakatakiwa kununua umeme siku kwa siku katika soko la jumla lililofunguliwa mwaka 1998. Na desturi ya mnada ule ilikuwa hii: mtambo ghali kuliko yote iliyohitajika ndio uliopanga bei ya yote. Ni sawa na wauza mchele wote sokoni kulipwa bei ya yule mwenye gunia ghali, kwa kuwa tu gunia lake nalo limehitajika.

Basi mwenye mitambo kumi akaing'amua siri: zima mmoja, na tisa iliyobaki itakulipa zaidi.

Mgala muue na haki yake mpe. Mwaka 2000 ukame uliipunguza mito ya kaskazini-magharibi, gesi ilipanda bei, na mitambo mipya ilikuwa haitoshi. Hayo ni kweli. Lakini ukame haupigi simu! Wachuuzi wa umeme wa kampuni ya Enron walipiga. Tarehe 17 Januari, 2001, siku ambayo raia wa California walikatiwa umeme kwa zamu, wachuuzi hao walipanga kwa simu mtambo mmoja wa Nevada uzimwe kwa kisingizio cha matengenezo. Maneno yao yalinaswa katika kanda, na ulimwengu ukayasikia.

Umeme uliokuwa kiasi cha dola 30 kwa megawati-saa mwaka 1999 ulipita dola 300 Desemba 2000. Aprili 2001 kampuni ya Pacific Gas and Electric, iliyonunua ghali na kuuza rahisi, ikaomba hifadhi ya mufilisi.

Je, mji wa Los Angeles? Mji ule una shirika lake wenyewe la umeme. Halikuuza mitambo yake wala halikulazimika kununua umeme wa raia wake katika mnada ule. Taa zake hazikuzimwa.

Juni 2001 serikali ya Marekani iliweka mipaka ya bei katika majimbo yote ya magharibi, raia nao wakabana matumizi, bei ikatulia. Kilichopandishwa na watu kilishushwa na watu.

Kwa hiyo, ndugu zangu, akija mtu katika mkutano wa tawi akasema, "Liachieni soko," msimzomee. Mwulizeni swali moja tu: swichi iko mkononi mwa nani? Kisha mngojeni ajibu.