Mkopo Usitangulie Shamba

Mwalimu anayetamani shamba la Msambweni au kiwanja cha Diani huanzia kwenye chama cha akiba na mikopo. Kwa maoni yangu, huko ndiko angemalizia, kwani makato huanza kuumega mshahara hata kama ardhi haijawa yake.

Kwanza aende masjala ya ardhi, Kwale, achunguze hati ni ya nani na kama imewekwa rehani. Kisha alikanyage shamba lenyewe. Kwa mila za pwani hii mnazi au mkorosho waweza kuwa na mwenyewe, na udongo ukawa wa mwingine. Aulize ni nani huangua hizo nazi. Aliyeikalia ardhi ya mtu waziwazi, bila ruhusa, kwa miaka 12 aweza kuidai mahakamani, na mnunuzi huipokea kesi hiyo pamoja na shamba. (Madalali walijua sana jambo hili, ila hawaulizwi.)

Tena, mauzo ya shamba la kilimo hubatilika yasipopata idhini ya bodi ya udhibiti wa ardhi, nayo huombwa ndani ya miezi 6 tangu mkataba ufanywe. Hapo fedha zilizolipwa hugeuka deni la kudaiwa, na muuzaji huenda amekwisha kuzijengea nyumba. Nawasihi walimu watoe arubuni ndogo tu, salio lingoje idhini.