Kabla umtusi mvuvi wa papa

Kila video ya papa mchanga sokoni ikisambaa, sisi wa Nairobi tunaanza kumtusi mvuvi. Wasee, tulieni kidogo.

Kamba ndefu yenye ndoano nyingi haichagui. Umeitega ukitaka jodari, papa naye anakula chambo. Sasa fikiria uko nje ya Kilifi na mashua ndogo, jua kali, barafu hakuna. Jodari ataharibika kabla ufike ufuoni. Papa unampasua, unampaka chumvi, unamwanika, anakaa wiki kadhaa. Wewe ungerudi na nani?

Na tusidanganyane pia. Jodari hutaga mayai mamilioni. Papa nyundo hungoja miaka mingi kabla azae, na watoto wake ni wa kuhesabika. Anaisha kweli, na inaniuma, hata kama papa wa nazi ni mtamu ajabu.

Ukifunga ndoano kwa nailoni badala ya waya, papa wengi wanaikata na meno na kwenda zao. Lakini nani atamwachilia samaki pekee asiyeoza? Kaunti za Pwani, semina za hotelini zimetosha. Leteni mtambo wa barafu pale samaki wanaposhushwa, na mhakikishe stima hailipiwi na mvuvi peke yake.